Moshi Niliouita Mvua

Kazi yangu ilikuwa kuteremsha mti na kuunyanyua. Mkiniuliza nilifanya nini ujana wangu wote, jibu zima ni hilo, na silionei haya. Mti wenyewe ulikuwa mrefu, umelala juu ya nguzo mbili kukatisha barabara, na mwisho wake mmoja ulifungiwa jiwe zito ili mtu mmoja aweze kuunyanyua bila kuvunjika mgongo. Tuliuita bariyeri ya mvua. Mvua ikinyesha, mti chini, magari yote yasimame. Barabara ikikauka, mti juu, magari yapite. Wakati wa Wabelgiji barabara zetu zilikuwa udongo mtupu, na kamyo moja, yaani lori, ikipita kwenye udongo uliolowa iliacha mitaro ambayo wanaume ishirini walifukia wiki nzima. Kwa hiyo waliweka mti, na kando ya mti wakaweka mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Ninyi vijana mnafungua redio, mnaambiwa mvua kesho saa nane, na ikichelewa kidogo mnaanza kutukana. Mimi sikuwa na wa kumtukana. Nilikuwa na macho, pua, kisigino, na kopo la bati lenye chupa ndani ya kupimia maji ya mvua. Basi kaeni niwaambie jinsi mtu anavyojua kwamba kiangazi kimekwisha, halafu niwaambie na lile lingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandikiwa haya maneno.

Bariyeri yangu ilikuwa ukivuka Nyabiondo, pale njia inapoanza kushuka kuelekea Kashebere. Mgongoni kwangu ilikuwa milima ya Masisi, majani, ng'ombe na mashamba ya maharage. Mbele yangu, huko chini, msitu wa Walikale, unaanza na hauishi. Nyumba ya jirani ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mke wangu alikaa pale na mimi miezi minne akarudi kwao Nyabiondo. Alisema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na mti. Sikumfuata. Nilikuwa na hasira za kijana, na pia nilidhani atarudi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Bauma, kantonie wa zamani, yaani mtu wa kutunza barabara, Muhunde wa pale pale ambaye meno yake yote ya mbele yaliondoka kwa teke la ng'ombe, na alijivunia teke hilo kuliko medali. Alikaa nami msimu mmoja tu, kisha akastaafu. Alinifundisha kisigino kwanza.

"Weka kisigino mu barabara, kanyaga nguvu, toa," alisema. "Maji ikijaa mu shimo, funga. Shimo ikibaki bila maji, ngoja. Kama hakuna shimo, fungua, na usilale."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya barabara, na mpaka leo nikipita kwenye njia ya udongo kisigino changu kinashuka chenyewe. Watoto wa jirani wananicheka.

Mwaka wangu wa kwanza sikumsikiliza. Alikuja mfanyabiashara mmoja ana haraka, kamyo imejaa mafuta ya mawese, akanisifu, akaniita shefu, yaani mkubwa. Hakuna aliyewahi kuniita shefu. Shimo la kisigino changu lilikuwa linang'aa maji, lakini nilinyanyua mti. Kamyo ilienda hatua kama mia mbili, ikageuka ubavu taratibu bila hata kelele, ikalala mtaroni. Tuliitoa siku ya tatu. Papa Bauma alinipa jembe, yeye akaketi juu ya jiwe na kuvuta tumbaku, na kila nilipopumzika aliniuliza, "Eh, shefu, umechoka?"

Kopo la mvua nalo lilinitia aibu. Niliambiwa niliweke mahali pa wazi, lakini mimi niliogopa mbuzi wa wapita njia watalipindua, nikaliweka karibu na nyumba, chini ya ukingo wa paa. Kumbe maji yote ya paa yalikuwa yanaingia mle. Nikapima, nikaandika, nikapeleka daftari. Baada ya wiki tatu alikuja muzungu wa barabara mwenyewe, viatu vimelowa, daftari langu mkononi, akatazama mlima, akatazama bonde, akaniuliza kwa Kiswahili chake: "Iko wapi ile maji yote?" Nilimwonyesha kopo. Alilitazama kopo, akalitazama paa, akacheka mpaka akaketi kwenye tope. Alikuwa mtu mzuri yule, ingawa baada ya kucheka alinikata siku mbili za mshahara.

Sasa kuhusu kiangazi. Kwetu mvua zinapungua mwezi wa sita, na mwezi wa saba na wa nane barabara inakuwa unga. Mti unakaa juu siku zote. Watu hudhani huo ndio wakati mzuri wa mlinzi wa bariyeri, kwamba anakula usingizi. Lakini mti ukiwa juu hakuna anayesimama. Kamyo inakuja, unaisikia tangu iko mlima wa pili, unatoka nje, unasimama kando, dereva anatoa mkono dirishani, vumbi linakufunika, basi. Ukifungua macho imeshapita. Kuna kiangazi kimoja nilihesabu siku kumi na saba ambazo sikutumia sauti yangu kwa neno lolote ila kufukuza kunguru. Siku ya kumi na nane alipita mama mmoja na kikapu, akanisalimu, na sauti yangu ilipotoka nilishtuka, nikadhani kuna mtu mwingine nyuma yangu.

Mvua ndiyo iliniletea watu. Mti ukiwa chini kamyo mbili, tatu, zinapanga foleni, madereva wanashuka, wanaomba moto, abiria wanatoa unga na samaki wa chumvi, mtu anasimulia habari za Goma, mwingine anagombana na mwenziwe kuhusu ng'ombe. Nilikuwa na chungu kikubwa nilichonunua kwa ajili hiyo tu. Kwa hiyo kiangazi kilipokaribia kwisha nilikuwa natazama mbingu kama mchumba. Wingu la kwanza likionekana nilifua shati.

Dereva mmoja, Papa Anselmi, aliyepita kwangu kila baada ya wiki mbili, alilijua shati hilo. Alikuwa mtu mnene mwenye utani mwingi, na kwa miaka mingi ndiye niliyemwita rafiki. Aliwahi kunikuta nimelivaa jua likiwaka kabisa.

"Papa Bariyeri, umevaa! Unangojea mvua ao unangojea misa?"

"Nangojea mvua."

"Mvua hii iko wapi? Mbingu iko safi kama sahani ya muzungu."

"Kesho kutwa," nikamwambia, na ikanyesha kesho kutwa. Baada ya hapo madereva walianza kuniuliza hali ya hewa kama vile ninaipika mimi.

Siri yenyewe ilikuwa ndogo. Mvua ya kwanza ikiwa karibu, ukungu wa asubuhi kule msituni hauondoki saa mbili kama kawaida yake, unakaa mpaka saa nne. Upepo wa mchana unaacha kupanda kutoka bondeni, unageuka, unakuja baridi kutoka mgongoni. Ng'ombe wa wafugaji wa juu wanalala chini mapema, wote upande mmoja. Kumbikumbi wanaanza kufungua vishimo vyao kwenye kichuguu kabla hata ya tone. Na nywele za mikono, kwa mtu aliyekaa kimya muda mrefu, zinasikia.

Lakini kuna jambo moja linalowadanganya wengi, na Papa Bauma aliniambia jambo hilo mara tatu siku alipoondoka. Mwisho wa kiangazi ndio wakati watu wa msituni wanachoma mashamba mapya. Moshi unapanda kila mahali, unakusanyika, unakuwa ukuta mweusi juu ya Walikale yote. Mgeni akiuona anasema mvua hiyo.

"Angalia miguu," Papa Bauma aliniambia. "Mvua iko na miguu, inashuka mpaka chini, unaiona inatembea. Moshi haina miguu. Iko inaelea tu, na chini yake kunakuwa mwangaza. Tena jua ikiingia mu moshi inakuwa nyekundu. Ikiingia mu mvua inapotea."

Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Naomba mkumbuke kwamba nililijua.

Sasa nitakiri. Miaka ilivyokwenda nilianza kuchelewa kunyanyua mti. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Kisigino kingesema fungua saa tatu, mimi nikasema ngoja mpaka saa nne, chai bado iko motoni. Baadaye saa nne ikawa saa sita. Madereva hawakuweza kunibishia, kwa sababu kuvunja bariyeri kulikuwa na adhabu kali, na wao walidhani mimi ni mtu wa sheria. Walisema, huyu jamaa mkali, anaipenda barabara. Sikuipenda barabara hata kidogo. Nilipenda kusikia mtu akikohoa upande wa pili wa moto.

Mwaka ninaousema, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kiangazi kilikuwa kirefu kupita kawaida. Mwezi wa tisa ulifika nusu bila tone. Maharage hayakupandwa. Wafugaji walishusha ng'ombe mpaka kwenye vijito vya chini, na nilimwona mzee mmoja akimlisha ndama majani ya migomba kwa mkono. Watu waliopita kwa miguu walinitazama na kuniuliza lini, nami kila siku nilisema bado. Tangu mwezi wa sita hakuna gari lililosimama kwangu, hata moja.

Alhamisi moja mchana upepo ukageuka. Kabla ya saa tisa mvua ikapiga mlima wangu, nzito, robo tatu ya saa, ikakatika. Nilitoka nikasimama ndani yake kama mwehu, nikateremsha mti. Na kamyo ya kwanza kufika, tope mpaka kwenye vioo, ilikuwa ya Papa Anselmi.

Juu ya magunia alikuwako abiria mmoja tu, mama mtu mzima, mrefu na mwembamba, ameshikilia kibuyu kilichofungwa kitambaa cheupe. Aliteremka nacho bila kukubali kusaidiwa. Alikuwa Mama Felisita, mfugaji wa kule Ngungu. Hakunisalimu kwanza. Aliutazama mti.

"Papa, hii inafunguka saa ngapi?"

"Kesho asubui, Mama. Njia ikikauka."

"Kesho iko sawa. Kesho niko nafika." Kisha akakumbuka adabu, akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani kwangu.

Habari yake tuliipata jioni, tukila. Mwanawe wa pekee, Gaspari, alikuwa amejiandikisha kazi ya mgodi, mbali, upande wa Kindu, mkataba wa miaka mingi. Alijiandikisha bila kumwambia mama yake. Alipomwambia, waligombana, na mama akasema neno. Kwao, kijana anayesafiri mbali hunywa maziwa kutoka mikononi mwa mama yake, na mama humtaja majina yake yote, la ubatizo na la nyumbani, ndipo anaondoka. Mama Felisita alimwambia, "Nenda, lakini maziwa yangu hutakunywa tena." Gaspari akaenda. Vijana walikuwa wanakusanywa Walikale, na kamyo yao ilikuwa iondoke siku ya posho asubuhi, yaani Jumamosi.

"Nilikaa siku tatu mu nyumba na lile neno," alisema. "Siku ya ine nikakamua, nikaanza kutembea. Nilitembea siku mbili mpaka Masisi, njo nikamupata huyu Papa na kamyo yake. Niko nataka akunywe tu. Akikunywa, aende hata mwisho wa dunia."

Papa Anselmi alimwambia asihofu. Kutoka kwangu mpaka Walikale kwa njia kavu ilikuwa safari ya siku moja. Tukifungua Ijumaa asubuhi, Ijumaa jioni watakuwa wamefika.

Mama Felisita alichukua chungu changu, akakisugua kwa majivu mpaka kikawa kipya, akatupikia maharage aliyoyatoa mwenyewe. Aliniuliza nani ananifulia. Aliniuliza mke yuko wapi, na nilipomwambia akasema, "Mwana wangu, utamufuata. Mwanamuke hakatai muntu, anakataa upweke." Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Tangu hapo hakuna mtu aliyeniita mwana wangu.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka kali. Ardhi ilikuwa imekaa na kiu miezi mitatu, ilikuwa imeyanywa yale maji yote. Saa tatu nilikanyaga kisigino, hakikuacha alama. Nilikanyaga mahali pengine, hakikuacha alama. Nyuma yangu Papa Anselmi alikuwa amefanya hivyo hivyo na kiatu chake.

"Kaka, njia njo imekauka. Nyanyua twende."

Niligeuka nikamwona Mama Felisita ameinama juu ya moto wangu, anapuliza, ananiwekea viazi vya asubuhi. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani polepole, kwa ajili yake tu. Nikafikiri kwamba nikiunyanyua mti, baada ya dakika kumi hapa patakuwa kimya tena.

Nikatazama chini. Juu ya msitu kulikuwa na ukuta mweusi, kutoka upande mmoja wa macho mpaka mwingine. Haukuwa na miguu. Chini yake kulikuwa na mwangaza, na mahali jua lilipougusa palikuwa pekundu kabisa.

"Hapa iko kavu," nikasema. "Lakini tazama kule. Ile ni mvua."

Papa Anselmi akatazama. "Ile haiko moshi?"

"Papa Anselmi. Ni nani anajua mvua, mimi ao wewe?"

Alikuna kidevu. Nikaendelea, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi siku ile. Nikasema bariyeri ya Kashebere lazima imefungwa. Nikasema mkishuka mtakwama katikati ya msitu, bila nyumba, bila chakula, na mama mzee juu ya magunia. Heri kulala hapa, kesho alfajiri nitafungua.

Mama Felisita alikuwa amekuja, mikono ina majivu. "Na ile kamyo ya batoto?" akauliza. "Nayo itafungiwa?"

"Nayo itafungiwa, Mama. Kule kukinyesha hivi, hakuna gari inatoka Walikale. Hata Jumatatu hawatoki."

"Nitembee na miguu? Miguu inapita chini ya muti."

Ilikuwa kweli. Sheria iliyahusu magari, mwenye miguu aliinama akapita. Angefika Kashebere, huenda angepata gari nyingine. Alikuwa ameshaanza kukiinua kile kibuyu.

"Mama," nikasema, "mvua itakukuta porini. Kaa."

Akanitazama usoni, akaniamini. Akakiweka kibuyu chini, kivulini, akakifunika vizuri. "Basi Mungu ameshika kamyo yao," akasema. "Aksanti, mwana wangu."

Na hapa vijana nitawaambia jambo baya kuliko yote. Siku ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoishi pale mlimani. Moyo wa mama ulikuwa umetulia kwa sababu ya maneno yangu, akacheka, akanitengenezea mlango wa nyumba uliolegea kwa kamba ya mgomba, akanisimulia Gaspari alivyokuwa mdogo na alivyoogopa ndama. Papa Anselmi alilala chini ya kamyo akikoroma. Mchana kutwa ule ukuta mweusi ulikaa pale pale bila kusogea, na mimi sikuutazama tena.

Jumamosi alfajiri nilifungua. Waliondoka wakipunga mikono.

Walirudi Jumapili jioni, wakipanda. Mti ulikuwa juu, wangeweza kupita, lakini kamyo ikasimama. Papa Anselmi hakushuka. Alinitazama kupitia dirishani, uso wake umekuwa wa kijivu kwa uchafu wa njia.

"Kule chini ni vumbi, Papa Bariyeri," akasema. "Kashebere vumbi. Walikale vumbi. Haikunyesha hata kidogo."

Akaangalia mbele tena, na tangu siku hiyo mpaka alipoacha kazi ya udereva hakula tena kwenye chungu changu. Mvua ilipomkamata kwangu alikaa ndani ya kamyo, vioo vimefungwa, akila mkate mkavu.

Mama Felisita alishuka. Kamyo ya vijana ilikuwa imeondoka Jumamosi saa moja asubuhi, yeye akafika saa tisa. Kuna mtu alimwambia Gaspari alisimama njiani akitazama upande wa Masisi mpaka alipoitwa kwa jina mara ya pili. Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa, na naapa ningefurahi.

"Mvua ilibadilisha njia," aliniambia. "Haiko kosa yako. Kosa ni mimi, nilichelewa kutoka mu nyumba. Siku tatu nilikaa na kiburi." Alinishika mikono yote miwili. "Wewe uko unakaa mu njia. Bantu bote banapita hapa. Siku moja atapita. Utamuambia mama yake alikuja. Utamuambia hakumukasirikia tena. Unaniahidi?"

Nikaahidi. Ningemwambia pale pale. Maneno yalikuwa kinywani, mafupi tu. Nikaahidi, akapanda juu ya magunia, wakaenda.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga kuacha kazi nishuke Nyabiondo kutafuta mke wangu. Sikushuka. Nilibaki pale miaka mingine sita, nikinyanyua mti kwa wakati wake, bila kuzidisha hata dakika, na kila kamyo iliyopanda kutoka Walikale niliizunguka nikiuliza, kuna Gaspari wa Ngungu humu? Madereva walidhani nimeanza kuharibika kichwa. Mwaka wa nne abiria mmoja wa Ngungu aliniambia kwamba Mama Felisita amekufa, homa, siku chache tu. Mke wangu naye alikuwa ameolewa na mtu mwingine. Niliendelea kuuliza.

Gaspari alikuja mwaka wa sita, siku ya mvua ya kweli, mti uko chini kwa haki. Alikuwa mwanamume mpana, amevaa koti la mjini, ana sanduku la chuma, na alikuwa na urefu wa mama yake na shingo ya mama yake. Nilimjua kabla sijauliza. Alikuwa anakwenda kutazama kaburi.

Tukaketi chini ya paa langu. Nilimwambia mama yako alifika hapa, alilala hapa, alikuwa na kibuyu cha maziwa.

"Papa, usinidanganye."

"Sikudanganyi. Alitembea siku mbili. Alisema hakukukasirikia tena, nikuambie."

Mwanamume yule mpana alijifunika uso na koti lake. Aliponyanyua kichwa aliniambia kwamba miaka yote sita hakunywa maziwa, hata ya dukani, hata alipougua, kwa sababu alijua amekatazwa. Aliniambia hakumwandikia mama yake hata barua moja, kwa sababu alijua mama hataki. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza.

"Sasa kwa nini hakufika? Ni nini ilimukamata hapa?"

Kopo langu lilikuwa linajaa pale nje. Barabara ilikuwa mto. Alikuwa ananitazama kwa macho ya Mama Felisita, bila shaka yoyote ndani yake.

"Mvua," nikasema.

Akakubali kwa kichwa taratibu. Akatazama nje, akasema, "Basi ni Mungu," akanishukuru, na kesho yake saa nne barabara ilikauka nikamfungulia.

Niliacha kazi mwezi ule ule. Sasa ni mzee, na mti ule uliliwa na mchwa zamani, na wengi wenu mmezaliwa Masisi, Ngungu, Walikale, huenda mmoja wenu ni mtoto wa mtu mpana aliyefanya kazi Kindu na ambaye jina lake ni Gaspari. Kama yuko hai, mwambieni kwamba siku ile kule chini hakukunyesha hata tone moja. Njia ilikuwa kavu. Mama yake alitaka kwenda hata kwa miguu, na nilimzuia mimi, kwa sababu nilikuwa peke yangu na yeye aliniita mwana wake.

Msimwambie kwamba naomba msamaha. Mwambieni tu ilivyokuwa.